Jirani wa Ghorofa ya Juu

Mama kijana aliyekipakata kichanga chake kwenye treni hakukusudia kusikiliza. Lakini ikiwa macho hayana pazia, sembuse masikio. Mkabala naye, mpishi wa shule, ushungi umemkaa kombo, alikuwa amembana kwa maswali fundi miwani aliyekutana naye hapo hapo kitini.

"Jirani yangu wa juu alikuwa Mhindu kama wewe," alisema mpishi. "Tulinuniana miaka, nguo zake zikidondoshea zangu maji. Mwezi jana akafa, mkamchoma kabla sijamtaka radhi. Sasa nimfuate kaburi gani?"

"Hakuna kaburi, dada. Mwili umekwenda na moto. Roho inazaliwa tena."

"Sisi tunangoja Kiyama. Atanidai haki yake huko."

"Atakudai vipi, naye pengine keshazaliwa?"

"Basi nimesalimika?"

Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Haikumsaidia. "Sidhani. Kwetu ubaya unakufuata mwenyewe, hata uzaliwe mara ngapi."

"Kumbe nadaiwa kotekote," mpishi akaguna. "Na huko kuzaliwa huchukua muda gani?"

"Hilo, dada, hata mimi linanitatiza."

Treni ikasimama. Mpishi akabeba kikapu chake, akafika mlangoni, kisha akarudi. Kichanga kilikuwa kimemkodolea macho.

"Kazaliwa lini huyu?"

"Mwezi jana," akajibu mama mtu, na papo hapo akatamani angenyamaza.

Mpishi akamwinamia mtoto. "Nisamehe," akamnong'oneza. "Lakini na wewe ungezikamua zile nguo."