Fundo Nililofunga Kwenye Mpira

Ninyi kaeni tu, ndugu zangu. Mimi leo nataka kusimama. Kwaya zimeimba zote, mahubiri yamekuwa marefu kama mlivyoona wenyewe, na sijatoka nje hata mara moja. Wanaokaaga benchi la nyuma kule karibu na mlango wanajua nasema nini. Mwaka jana lile benchi lilikuwa la kwangu. Nimeshalirudisha kwa kanisa.

Mnanifahamu. Mimi ni mshona nyavu wa hapahapa Kibara, na fundo nikilifunga halifunguki. Wavuvi wananisifia kwa hilo, nami nimezikubali hizo sifa miaka yote bila kubisha. Leo nitawaambia jinsi hilo fundo lilivyotaka kunizika.

Ilianza taratibu. Nasimama chooni, nasubiri, mkojo unakuja kidogo, unakata. Natoka, sijafika mlangoni narudi tena. Mama watoto akaona, akasema twende hospitali. Nikamwambia huu ni uzee tu, aniache. Wanaume, msijifanye kuangalia chini, wengine hapa mnayasema maneno hayohayo nyumbani kwenu.

Siku moja nimeenda Bunda kununua nyuzi, mkojo ukagoma kabisa. Asubuhi mpaka mchana, hata tone. Tumbo chini ya kitovu limekuwa gumu, jasho linanitoka, mwenye duka ananiuliza rangi gani ya uzi na mimi siwezi kujibu. Wakanipeleka hospitali, wakanipitishia mpira wa mkojo. Ule mkojo ulipoanza kushuka kwenye mfuko nililia machozi. Sioni haya kusema.

Baada ya hapo nikapelekwa Musoma. Wakapima, wakasema tezi dume imevimba, imebana njia, lakini saratani hakuna. Nikapasuliwa, nikakaa kwa dada yangu pale Nyasho siku chache, kisha nikaruhusiwa kurudi Kibara na mpira wangu ukiwa bado ndani. Nirudi baadaye kuutoa. Nesi akanipa masharti matatu na karatasi. Kunywa maji mengi mpaka mkojo uwe mweupe. Mfuko ukae chini ya kiuno siku zote. Na mpira usizibwe, kwa sababu yoyote ile. Akasema damu ikiganda ndani na maji hayapiti, tunaweza kuanza upya, na safari hiyo labda mpira usitoke tena. Nikaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama.

Jamani, nilifika nyumbani aibu ikanishika. Mtu mzima natembea na mkojo wangu kwenye mfuko, watoto wanauona. Nikajitengenezea hesabu yangu ya kijinga: nikinywa maji kidogo, mfuko hautajaa, basi hakuna atakayejua.

Sasa hapa kuna mtu lazima nimtaje, ingawa jina silisemi. Ni mkwe wangu, mke wa kijana wangu. Mnajua heshima yetu. Mkwe hampi baba mkwe kitu mkononi, wala hawagusani. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa anaweka jagi la maji kwenye kigoda mlangoni kwangu, anapiga hodi, anaondoka. Na mimi kila asubuhi nalichukua lile jagi, nazunguka nyuma ya nyumba, namwagilia mpapai. Ule mpapai ulizaa mwaka ule, mliokula mapapai yangu mnajua.

Siku ikafika ya wageni. Walikuja wakwe watarajiwa wa binti ya kaka yangu, kwenye ua wa kaka hapo jirani, kupanga ng'ombe wa mahari. Msemaji wa ukoo ni mimi. Nikajiambia, siwezi kuongea habari za ng'ombe na watu wa heshima huku mfuko unaning'inia. Basi nikafanya nini? Nikauvua ule mfuko, nikaukunja mpira, nikaufunga kwa uzi wa nyavu. Fundo langu lenyewe, lile la sifa. Nikavaa koti, nikaenda kukaa mbele.

Mwanzoni nilisema vizuri sana. Nikakataa fahali mwenye pembe moja, watu wakacheka. Baada ya muda nikaanza kusikia moto. Tukiwa kwenye ndama nilikuwa nimeuma meno, naitikia tu, kila wanachotaja nakubali. Kaka yangu ananikanyaga mguu, anashangaa. Nikaomba ruhusa kama naenda kuchukua kitu, nikajikokota mpaka nyumbani.

Nikajifungia chumbani, nikajaribu kufungua. Halifunguki. Uzi umelowa, umekaza. Damu inachuruzika pembeni ya mpira. Nikakumbuka maneno ya nesi, kwamba labda usitoke tena. Mama watoto yuko kwa kaka anapikia wageni. Nyumbani yupo mkwe peke yake, amebaki na mtoto aliyekuwa na homa. Akasikia naguna. Akaja mlangoni.

Nikamfukuza. Nikamwambia arudi, hapa si mahali pake. Akasema amwite mama, nikamkataza, maana wageni wangejua wote. Ndipo huyu binti ambaye hajawahi kuniangalia usoni akasema hivi, na nayakumbuka kila neno:

"Baba, maji umekuwa unamwaga, nimeona. Nikanyamaza kwa heshima. Leo nikinyamaza tena nitakuwa nimekuzika. Jifunike shuka yote, toa huo mpira tu."

Ndugu zangu, nilikaa pale. Heshima yangu upande huu, uhai wangu upande huu. Nikajifunika mpaka kichwani kama maiti, nikatoa mpira nje ya shuka, nikafungua komeo.

Akaingia na wembe wangu wa kukatia nyuzi, kauchemsha kwanza. Alikata ule uzi unyuzi mmoja baada ya mwingine, mpira hakuugusa. Mimi mshona nyavu nawaambia, mkono ule ni mkono wa fundi. Ukatoka mkojo mwekundu, na mabonge ya damu. Akaweka beseni, akatoka, akamwita mama bila kuniuliza tena. Jioni ile tulikuwa Bunda, wanausafisha mpira kwa maji. Daktari akasema ningechelewa kidogo, kibofu kingeharibika.

Kuanzia siku ile nilikunywa. Jagi la asubuhi, la mchana, la jioni. Mpapai ukajitafutia maji yake.

Tarehe ikafika, nikarudi Musoma. Wakatoa mpira. Wakasema, sasa kunywa, tusubiri, ukishindwa tunaurudisha. Nikanywa chupa mbili, nikazunguka ile wodi huku wagonjwa wenzangu wananihesabia mizunguko. Nikaingia chooni. Nikasimama. Nikasikia unakuja, mwembamba, halafu ukawa mkubwa, unapiga sinki kwa sauti. Niliimba humo ndani. Nilivyotoka wodi nzima wanapiga makofi, na mzee mmoja kitandani akaniambia nimemtia wivu.

Sitawadanganya kwamba iliishia hapo. Miezi kadhaa nilivuja. Nikikohoa, naloa. Nikiinua gunia, naloa. Nilivaa pampasi, mimi huyu, chini ya suruali ya ibada, na ndiyo maana ya lile benchi la nyuma. Nesi akanifundisha kubana misuli ya chini, unabana, unahesabu, unaachia. Nilibana nikishona nyavu, nilibana wakati wa matangazo ya kanisa. Polepole pakakauka. Leo nimekaa benchi la pili, suruali ni kavu, pampasi hakuna.

Nawashukuru madaktari na manesi wa Bunda na Musoma. Namshukuru dada yangu wa Nyasho aliyefua mashuka bila kukunja uso. Mama watoto, wewe nitakushukuru nyumbani, ukianza kulia hapa na mimi nitalia. Kaka yangu naye amenisamehe wale ndama.

Kwenu wanaume, somo langu ni dogo. Nendeni mkapimwe mkojo ukianza kukatakata, msingoje ugome. Na mkipewa masharti, yafuateni hata kama watu wanawaona. Mimi nilificha mfuko wa mkojo, nikakaribia kuwapa watu msiba.

Sasa nina jambo moja la mwisho, wazee mtanivumilia. Mwanangu, wewe uliyekaa kule kwa akina mama na chupa ya maji. Simama. Njoo nayo hapa mbele. Hapana, usiiweke mezani. Nipe mkononi.

Mmeona wote. Nimepokea mkononi kwa mkwe wangu. Sasa nainywa yote, halafu nakaa mpaka baraka ya mwisho.