Jina la Kujikingia Mvua

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka mguse kitanda, maana sauti niliyobaki nayo haivuki chumba. Na wewe Mgeni uliyesimama mlangoni na hilo birika kama mhudumu anayengoja kufokewa, liweke chini, ingia. Si kwenye kigoda. Kaa hapa kitandani, godoro hili tumelishona mimi na wewe, kwa hiyo likinichoma mbavu sina wa kumshtaki.

Sikilizeni. Mepesi kwanza. Nyumba isiuzwe. Wewe kitinda mimba wangu chukua vyumba vya mbele, una watoto, na watoto wanataka jua. Wewe Meneja, niliyekupa jina hilo tangu unatambaa kwa jinsi ulivyokuwa ukitunyooshea kidole, chukua vya nyuma kwenye kimya. Mkunga ana godoro lake la sufi karakanani, upande mmoja haujafungwa. Hilo ni deni langu, limalizwe, mwanamke aliyewapokea nyote wawili duniani asilalie sufi inayomwagika. Na seremala jirani mwambieni nimemsamehe. Maisha yetu yote kitanda kikilia alisema ni godoro, godoro likibonyea nilisema ni chaga zake, na wateja wakalala sakafuni wakingoja tupatane. Mwambieni chaga zake ni mbovu mpaka leo, lakini nimemsamehe.

Sasa zito. Meneja, jana nilikusikia ukimwambia dada yako kwamba mkishanizika karakana ifungwe na Mgeni aonyeshwe njia kwa upole. Kwa upole, ulisema, kama vile mtu akifungiwa nje kwa upole hanyeshewi. Ukasema yeye si damu, ana jina tu. Usiiname, sikukasirika, mgonjwa anayejifanya amelala hujitakia mwenyewe.

Mlikuwa wadogo alipokuja. Msichana mwembamba, kiatu kimoja kimekatika mkanda, amesimama chini ya kibao chetu akilitazama jina kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Mama yake, kabla hajakata kauli, alimwambia habari ya baba yake kwa neno moja tu, jina letu, na hakuwahi kusema kama ndivyo anavyoitwa au ndiko anakotoka. Na jina lenyewe mnalijua lilivyo fupi, ukipiga chafya umeshalitaja. Liko kwenye soko la ng'ambo ya mto, liko kwenye stesheni ambayo treni yenyewe imeisahau, liko kule kwenye barabara ya machimbo, tena liko kwa watu wasiojuana hata kwa salamu. Ni kama ufunguo wa kufuli la bei rahisi, unafungua milango ya mtaa mzima. Alizunguka kote huko, akishuka, akiuliza, akirudishwa, mpaka akafika mlangoni kwangu.

Mama yenu, Mungu amrehemu, alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena, hasa pua. Wiki nzima nilikula nikikaguliwa pua. Kisha akaniamini, akampa sabuni, shuka na kitanda, na tangu hapo binti akawa wake kuliko wangu. Majirani hawajaamini bado. Na wewe Meneja hukuwahi kuamini, najua, umenikagua pua hiyohiyo mpaka umeota mvi. Basi nasema nikiwa nimeishiwa faida ya kudanganya: si damu yangu. Laiti angekuwa, ningejitapa barabarani mpaka watu wahame.

Umetulia sasa? Usitulie. Nipeni maji kidogo.

Wewe jina hilo umelitoa wapi, unalolipigia kifua ofisini? Babu yenu hakuzaliwa nalo. Alikuwa kijana anayetafuta kazi, mvua ikamkuta njiani, akajibanza chini ya paa la kituo kimoja, lori la machimbo likapita likamwokota. Nyapara hakuwa na subira ya kuuliza watu wanaitwaje. Kila mmoja alimwita kwa mahali alipopandia lori. Babu yenu hata maji ya pale hakuyanywa, wanangu, alikuwa anajikinga mvua tu. Akaitwa hivyo, akalipwa hivyo, akaoa hivyo, mimi nikazaliwa ndani yake, na ninyi pia. Hiyo ndiyo damu ya jina letu. Sisi tuliingia kwa mvua, huyu kaingia kwa kiatu kilichokatika. Nani amtoe mwenzake?

Babu yenu jina lake la kwao alilitaja mara moja tu mbele yangu, amekaa, ananoa tindo, kalisema polepole kama anayelijaribu. Nilikuwa mtoto, nachezea kizibo. Sikulishika, wala sikumwambia arudie. Nikadhani yapo mengine mengi ya kesho. Hakulisema tena, na sasa hakuna anayelijua duniani.

Huyu naye, kila siku ya mapumziko, alivaa vizuri akapanda basi kwenda kumtafuta baba yake. Jioni alirudi, akavua viatu, akashika sindano. Siku moja hakwenda. Nikamuuliza, akasema nauli imepanda. Nikacheka, naye akacheka, kisha nikaingia stoo nikajifanya natafuta uzi. Mimi ananiita Fundi. Tangu siku ile mpaka leo asubuhi, Fundi. Neno lile lingine alimwekea mwenyewe, kama unavyomwekea mtu chakula ukakifunika, na mimi sikuwahi kunyoosha mkono kwenye sahani ya mtu.

Basi, sikilizeni, pumzi inakatika. Karakana ni yake, na cherehani, na ile sindano ndefu. Kibao kisishushwe. Siku ya kunipeleka atembee na ninyi, mbele, si nyuma na majirani. Watu wakiuliza, semeni dada yetu, na msiongeze neno. Na jina la Mgeni mlizike pamoja nami. Mgeni gani anayejua mnapoficha sukari? Meneja, mshike mkono. Sijasema umwangalie, nimesema umshike. Ehe. Hivyo.

Mungu awape migongo isiyouma. Usingizi uwapate kabla ya mawazo. Mlale bila kuogopana, mwamke mkiitana, na watoto wenu... watoto wenu wasijikinge mvua mahali pasipo na mtu wa kuwafungulia. Nawaachia radhi, wote watatu. Nimesema watatu.

Niinueni mto kidogo. Dirisha... liacheni, liacheni wazi.

Nani anaongea? Wewe? Umeniitaje? Sogea, sikio hili bovu, lile jingine limelaliwa... Umeniitaje, mwanangu? Rudia.

Rudia tena.

Nimesikia. Nimesikia tangu mara ya kwanza. Wewe rudia tu.