Mke Mmoja, Makaburi Saba

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa banda la kinyozi, miguu mitatu ya kuzaliwa nayo na mmoja wa tofali. Zamani ukikaa hapo ulitazama shamba la bamia mpaka macho yakachoka. Siku hizi unatazama udongo uliovuliwa nguo, barabara kuu mpya inayokuja ikilamba kila kitu, na katikati ya uwazi huo makaburi saba yaliyozungushiwa utepe wa njano. Mwenye shamba, mzee waliyempachika jina la Bamia, alikuwa amekalia ncha ya benchi asubuhi ile, kahawa imepoa mkononi. Kesho watu wa mradi wanakuja kumhamisha marehemu mkewe. Katika yale makaburi saba, mkewe yumo kwenye moja tu. Mengine sita yamejaa udongo na uongo.

— Kunywa, bwana, — alisema Kinyozi. — Kahawa baridi huleta mkosi.

— Kuna mkosi uliobaki?

Waziri alikohoa. Huyu alistaafu utarishi; alibeba mafaili ya wakubwa miaka mingi mpaka akaamini aliyaandika yeye.

— Tusilaumiane, jamani. Wazo lilikuwa zuri. Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno.

— Walisema watu, Waziri! Hawakusema makaburi!

— Fidia ulipewa, hukupewa?

— Nilipewa.

— Basi! Kaburi moja limekulipa kuliko msimu mzima wa bamia. Mkeo hata kaburini amelala huku anakulimia.

Wazo lilikuwa la Waziri, majembe ya Kinyozi, jasho la wote. Walipokwisha kuinua vile vichuguu sita, Waziri alirudi nyuma hatua mbili kama fundi rangi, akaona dosari: kaburi la kweli lina kibao chenye jina, mengine yako uchi. Wathamini watanusa. Bamia akakubali kung'oa kibao. Alijipa moyo kwamba mkewe amelala chini ya mpera, na mpera hautembei. Wathamini wakaja, wakavua kofia mara saba, wakaandika mke mmoja na mababu sita, wakaondoka. Kisha likaja tingatinga, likang'oa kila mti. Mpera nao ulikuwa umeshalipiwa fidia.

— Mtu wa mradi kasemaje lakini? — aliuliza Shangazi, muuza kahawa, akiinamisha birika.

— Kasema wale mababu sita wameshakuwa udongo, watachukuliwa konzi moja moja. Mke ni wa juzi, huyo lazima wamchimbe. Nimwonyeshe alipo.

— Na ukimwonyesha mahali sipo?

— Wakikuta patupu watachimba yote, — Kinyozi alidakia. — Wakichimba yote, tutanyoana jela.

— Na wasipochimba yote, — Bamia alisema kwa sauti ya chini, — atabaki pale pale. Malori yampite kifuani.

Mwanamke ambaye hakupata usingizi hata bomba likidondosha tone!

— Kaburi la kweli hutitia, — alisema Kinyozi. — Tafuta lililobonyea.

— Mvua imeyabonyeza yote.

— Basi tafuta penye majani mazito. Mimi kichwa chenye rutuba nakijua kwa mbali.

— Majani yatoke wapi? Udongo wa juu wameubeba, wamekwenda kumwaga kwenye bustani za majumba mapya.

Samadi ya maisha yake yote, aliwaza Bamia, leo inaotesha nyasi za kukanyagwa na mbwa.

— Mnahangaika na matawi, — Waziri alinguruma. — Mimi mafaili nimeyabeba. Ramani ya kwanza ilipita kule kwenye mawe. Ikahamishwa. Kwa nini? Kwa sababu mji ni kama mchwa, unafuata udongo mtamu. Unakula shamba, unatapika maghorofa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — alisema Kinyozi.

— Kapona nani hapa? — Shangazi alimkata. — Nyanya siku hizi zinatoka mbali, zinafika zimechoka kuliko dereva.

— Ngojeni! — Waziri alipaza sauti. — Wakimaliza mashamba, watakula hili benchi. Wakimaliza benchi, watapima viwanja mawinguni. Mvua itaomba kibali ndipo inyeshe!

— Achana na mawingu, — Kinyozi alisimama. — Dawa ninayo. Bamia, nenda pale katikati, upige ukelele: "Mbuzi wameingia kwenye bamia!" Atakayenyanyuka na fimbo, ndiye.

Benchi lilitikisika kwa kicheko mpaka tofali likachomoka. Bamia naye alicheka, maana alimwona kabisa, khanga imefungwa kiunoni, fimbo juu, mbuzi wanatawanyika. Akacheka mpaka machozi. Wenzake wakanyamaza mmoja mmoja. Machozi yake hayakunyamaza.

Ndipo akatokea binti yake, yule aliyeolewa mbali, ambaye hakuwa amefika tangu maziko. Vumbi lilimjaa mpaka kwenye kope. Kifuani alikumbatia shuka jeupe jipya, la kumfungia mama yake.

— Shikamoo, baba. Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

Aliutazama ule uwazi kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba siyo. Akatazama vichuguu, midomo yake ikihesabu.

— Baba, la mama ni lipi?

Waziri, kwa huruma, akanyoosha kidole. Kinyozi, kwa huruma ile ile, akanyoosha chake. Shangazi, birika mkono mmoja, akanyoosha mkono wa pili. Vidole vitatu, makaburi matatu. Binti alivifuata kwa macho kimoja baada ya kingine mpaka vikaishiwa nguvu, vikashuka. Kisha akamgeukia baba yake, aliyekuwa amekishika kile kikombe baridi kwa mikono yake yote miwili.