Mtu Hakombolewi Mara Mbili

Tarehe kumi Juni, mwaka 1952, siku ya Jumanne, nilimpoteza binti yangu wa kwanza. Alikuwa na miaka sita. Homa ilimchukua kwa siku mbili tu, nyumbani kwetu mtaa wa Ng'ambo.

Ndugu zangu, mnanijua, mimi si msemaji. Nimesoma mpaka darasa la nne, na kazi yangu ni uashi. Lakini mmeniomba nisimame hapa kanisani, basi nitasema yote, hata yanayonitia aibu.

Jumatatu asubuhi mke wangu aliniambia, "Bwana, mtoto anachemka. Tumpeleke hospitali." Nami nilikuwa na ukuta wa kumalizia Kiembe Samaki. Nikamjibu, "Ngoja nirudi. Chokaa nshaichanganya, itaharibika." Mafundi mliomo humu mnajua nilidanganya. Chokaa ukiifunika kwa magunia yaliyolowa inakungoja siku nyingi. Nami nilijua. Nilitaka tu kumaliza ukuta wangu. Niliporudi, mtoto hakunitambua tena.

Tukamzika. Watu wakanipa pole, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Lakini mimi nilijua habari ya ukuta.

Baadaye mtu mmoja alinipeleka kwa mganga. Mganga akasema nina deni la damu, nalo hulipwa kwa damu. Nami niliyebatizwa tangu uchanga nilikwenda Mtoni na mbuzi mweupe, nikamchinja nyuma ya magofu. Nikangoja moyo upoe. Haukupoa. Nilichorudi nacho nyumbani ni harufu ya mbuzi kwenye shati.

Habari ikafika kanisani. Nikawekwa benchi la nyuma miezi mitatu, bila kukaribia Meza ya Bwana. Sikuonewa. Lakini sikilizeni ujinga wangu. Miezi mitatu ilipokwisha, padri alikuja mwenyewe nyumbani. "Fundi, kipindi chako kimekwisha. Jumapili njoo mbele." Nikasema, "Bado, padri." Nikabaki nyuma miezi mitatu mingine, na mingine tena. Nikaanza kupiga lipu ukuta wa nje wa kanisa, peke yangu, kila nikitoka kazini. Mwashi hupaka mikono mafuta ya nazi kabla ya kushika chokaa. Mimi niliyaacha makusudi. Ngozi ikachubuka, vidole vikapasuka, nami nikaona ndiyo sawa.

Mke wangu alikuwa ameshajifungua binti mwingine. Alinifuata siku moja na chakula, mtoto mgongoni. Akaniuliza, "Unampaka nani chokaa, ukuta au Mungu?"

"Nalipa," nikasema.

"Kwani nani kakudai?"

Nikachota chokaa nyingine, nikapaka. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akipita, akanicheka. "Paka vizuri, fundi! Lakini benchi lako liko palepale." Nikaona huyo ndiye anayesema kweli.

Kisha mganga akanifuata pale pale ukutani. "Mzimu unaokudai haujatosheka. Unataka mbuzi wa pili. Au husikii? Una kichanga ndani."

Ndugu zangu, hapo niliweka mwiko chini. Nilitafuta mbuzi mwingine, nikamfunga mlangoni kwangu. Mke wangu alipomwona hakupiga kelele. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoka na karatasi ya bibi yangu mzaa mama. Akaniwekea magotini.

Wengi wenu bibi zenu walikuwa nayo karatasi kama ile. Bibi yangu aliletwa kisiwani kwa kuuzwa, na alipokombolewa utumwani alipewa ile hati ya uhuru. Shoga zake waliokombolewa pamoja naye waliendelea, kila sikukuu, kwenda nyumba za mabwana wao wa zamani, wamebeba mikeka na kuku, kwa hofu na mazoea. Yeye hakwenda. Nilikuwepo siku mjumbe wa mabwana wake wa zamani alipokuja kumuuliza, "Bibi mkubwa anasema, mbona huji kumtazama?" Bibi alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. "Mwambie nshakombolewa. Mtu hakombolewi mara mbili."

Nikamtazama mbuzi. Nikaona mimi ndiye yule mwenye mkeka na kuku, narudi kwenye mlango ambao haunihusu tena.

Maana tumefundishwa tangu utoto kwamba Kristo alijitoa mara moja, akawa kuhani na akawa sadaka. Alipokufa, pazia la hekalu likapasuka kutoka juu mpaka chini. Mimi ni mwashi, hilo nalielewa. Aliyesimama chini bila ngazi huanza kazi panapofika mkono wake. Pazia lile lilianza kupasuka mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Na mimi nilikuwa nalishona tena, kila siku, kwa vidole vyangu vilivyopasuka!

Mganga aliporudi alinikuta kizingitini. "Mbuzi yuko wapi?"

"Tumemla," nikasema. Na ni kweli. Jirani yetu Mwislamu alimchinja kwa ajili ya mchuzi, nyumba zote mbili zikala.

"Utazika tena wewe!"

"Nikizika tena nitalia tena. Lakini mzimu wako haupati hata kwato. Damu iliyohitajika ilikwisha kumwagika, na si ya mbuzi."

Akaondoka ananilaani. Acha alaani.

Masika yale yule mtoto wa pili akashikwa na homa. Sitawaficha, nilimkumbuka mganga. Nikaiacha chokaa karaini, sikuifunika hata kwa gunia, nikambeba mbio mpaka hospitali. Akapona. Sisemi alipona kwa sababu sikuchinja. Angekufa, bado nisingechinja. Na yule wa kwanza sijaacha kumlilia. Kosa langu ni langu, nimeliungama kwa padri na kwa mke wangu. Lakini silinunui tena.

Namshukuru mke wangu. Namshukuru padri, aliyenifuata mara nne. Namshukuru jirani yetu yule, aliyebeba jeneza la mwanangu begani, na mwenzangu wa kazi aliyekwenda kuifunika chokaa yangu siku niliyokimbilia hospitali, bila kuambiwa. Na wewe uliyeketi benchi la nyuma kwa hiari yako, ukidhani unamsaidia Mungu kukuadhibu, nakwambia, inuka. Njia iko wazi, na hukuifungua wewe.

Jumapili ya kwanza baada ya kuungama, mimi niliinuka. Nilitembea katikati ya kanisa, nikasikia watu wakinong'ona. Mbele palikuwa pamejaa, wamepiga magoti bega kwa bega, na yule mzee aliyenicheka alikuwa wa mwisho upande wa kulia. Nikasimama nyuma yake, mikono yangu wazi, na makovu yake yote. Akageuka, akaitazama mikono. Kisha akasogea kunipa nafasi.