Mama Soli Anaikabidhi Stoo ya Mabuti

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Soli atakabidhi funguo za stoo ya mabuti na kustaafu. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kuwahudumia wageni wa hoteli yetu ya mlimani. Aliajiriwa kwa miezi mitatu tu, kumshikia nafasi mwenzake aliyekwenda kujifungua. Mwenzake hakurudi, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Mama Soli kwamba miezi mitatu imekwisha.

Kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia mimi, mtoto wa dobi, niliye bado sekondari, kwa sababu watu wazima wote walisema wametingwa. Yatakayosahaulika hapa, naomba wenyewe wayasimulie siku ya sherehe.

Kwa ambao hawajawahi kushuka zile ngazi kumi na mbili nyuma ya mapokezi, stoo ni chumba kirefu chenye dirisha moja. Mabuti yamepangwa kwa saizi, kila jozi imefungwa kamba pamoja ili buti lisimpoteze mwenzake. Pananukia kiwi na soksi za sufu zilizokauka nusu. Kuna benchi la kuvalia viatu, ambalo watoto wa wafanyakazi tumefanyia hesabu nyingi tukisubiri zamu za wazazi ziishe. Dirisha linatazama mlima. Ukisimama kwenye kaunta unaiona njia ikipanda mpaka kona ya kwanza, halafu msitu unaimeza.

Hoteli yetu haina msimu wa kulala. Kiangazi wageni wanataka baiskeli na mahema. Mvua zikianza wanakuja watazama ndege na wapenda maporomoko, na wote wanataka gambuti na makoti ya mvua. Miezi ya baridi, majani yanapovunjika chini ya mguu kwa umande ulioganda, wanakuja wale wa safari ndefu, wanaopanda mpaka Ziwa la Juu. Wote hao, mwaka mzima, wamepitia mikononi mwa Mama Soli. Kila mmoja huondoka na namba ya bati iliyotunguliwa ubaoni, na akirudi huirudisha kwenye msumari wake. Ubao usipojaa, stoo haifungwi. Jioni moja ulipungua namba moja, na waokoaji wenye tochi walikuwa wameshafunga kamba za viatu, kumbe kinyonga wetu, yaani yule mgeni aliyependa kutembea taratibu kuliko wote, alikuwa chumba cha chakula kwa saa nzima akinywa supu, namba ikiwa mfukoni. Mama Soli alimfuata mezani, akanyoosha mkono. "Baba, endelea na supu. Mimi nimefuata bati langu."

Jina la Soli alilipata kwa kipaji chake. Akilipindua buti, husoma mgeni alikopita. Udongo mwekundu ni wa msituni, tope jeusi ni la bwawani, na changarawe za kijivu zinapatikana karibu na ziwa tu. Mabwana wengi wamesimama kwenye kaunta wakiwasimulia wake zao jinsi walivyofika ziwani, na Mama Soli akapokea mabuti yao, akayatazama, akasema kwa upole, "Pole kwa safari ya msituni."

Kipaji hicho kiliwahi kuokoa mtu. Mashemeji wawili walipanda pamoja, wakagombana njiani, akarudi mmoja. Aliapa kwamba waliachana kwenye njia ya msitu, na waokoaji wakaanza kuelekea huko. Mama Soli alikuwa ameshalipindua buti lake. Tope lilikuwa jeusi mpaka kwenye matundu ya kamba. Kupita bwawani kumekatazwa tangu zamani, na yule bwana aliona aibu kukiri. Mama Soli alimvuta kando. "Baba, sikuulizi mlitakiwa kupita wapi. Nakuuliza mlipita wapi." Shemeji alipatikana bwawani kabla jua halijazama, kifundo cha mguu kimevimba, bado ana hasira.

Makosa pia alifanya, na mwenyewe ameniambia niandike hili. Mtafiti wa mimea aliacha mabuti yake nje ya mlango, yamechafuka kupita kiasi. Mama Soli akamwonea huruma, akayasugua yakang'aa. Kumbe yule bwana alitembea siku tatu makusudi, apate kuhesabu mbegu zinazosafiri kwenye soli za wapanda milima. Aliketi kwenye benchi akashika kichwa. Mama Soli hakuwa amemwaga maji. Alimletea ndoo nzima, tope limetulia chini na mbegu zote zimo. Mtafiti aliondoka nayo imefunikwa kwa kofia ya mvua, kaikumbatia kama mtoto mchanga.

Lakini huyu mama anayeijua milima kwa soli alikuwa hajawahi kufika Ziwa la Juu. Wengi wetu hatukulijua hilo mpaka mwaka huu. Mtu wa ubao hawezi kuondoka wakati namba za watu ziko mlimani, na siku ambazo hakuna mtu mlimani ni siku za mvua kubwa, njia imefungwa. Siku za likizo alikuwa na watoto wanne wa kulea. Kwa hiyo alikuwa akiuliza. Kila aliyerudi na changarawe za kijivu aliulizwa swali moja: "Leo lilikuwa na rangi gani?" Wengine walimwambia kijani. Wengine walimwambia jeusi kama wino. Marafiki wawili walibishana mbele yake mpaka kesho yake wakapanda tena kwenda kuhakikisha, na wakarudi bado wanabishana.

Aliyelijua vizuri ziwa hilo alikuwa mume wake, marehemu, aliyekuwa mpishi wetu. Yeye ndiye aliyepeleka chakula kwenye kibanda cha juu. Alimsimulia mkewe jiwe bapa lililo ukingoni, alilokuwa akilikalia akishatua masufuria, na maji yanayokaribia kugusa vidole vya miguu. Mama Soli akisema na yeye anataka kwenda, mpishi alimcheka. "Ziwa halihami, mke wangu. Tukistaafu nitakupeleka ukalikalie jiwe langu." Alifariki miaka tisa iliyopita, akiwa amebakiza miaka miwili kazini.

Mwezi uliopita daktari alimwambia Mama Soli kwamba magoti yake yamechoka kwa kusimama juu ya saruji, na kwamba kama ana safari ya mlimani basi asiisubirishe. Siku ya pili alimwendea mwongozaji wetu tunayemwita Twiga, akamwambia achague siku. Mama yangu alishika kaunta. Mama Soli alijichagulia buti saizi thelathini na nane, akatungua namba yake kwa mkono wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akaikunja ile kona ya kwanza.

Twiga anasema walitembea kama watu waliobeba mayai. Walipumzika mara kumi na nne. Walifika ukingoni saa sita na robo mchana, na hapakuwa na ziwa. Palikuwa na wingu jeupe lililokaa chini kabisa, zito, lisiloonyesha hata hatua tano mbele. Twiga alimshika mkono wakapapasa mpaka kwenye jiwe bapa. Mama Soli akaketi. Alivua viatu na soksi. Aliyasikia maji yakigonga mawe chini yake, akamsikia ndege mmoja akitua majini, lakini hakuona kitu. Wakasubiri. Wingu likawa jembamba mara moja, Twiga akanyanyuka kumwonyesha, likarudi.

Ikafika saa nane. Saa nane ndiyo saa ya kila mtu kuanza kushuka, na tangazo hilo limeandikwa kwenye mlango wa stoo. Twiga alimsihi. "Mama, tuongeze nusu saa. Huku nani atatuona?"

"Ile saa nane niliipaka rangi mimi, Twiga," Mama Soli akasema, akiwa ameshaanza kuvaa soksi. "Nipe mkono tushuke."

Walipofika, wafanyakazi karibu wote walikuwa wamejazana stoo, wengine bado na aproni. Alitundika namba yake. Mama yangu akamuuliza kama ameliona. Alikaa kwanza, akanyoosha miguu, akatutazama mmoja mmoja.

"Lipo," akasema.

Tangu siku hiyo anamfundisha kijana atakayeishika stoo, ambaye bado hajaweza kutofautisha tope la bwawani na la mtaro wa jikoni. Dirishani hatazami sana. Lakini amemuuliza Twiga ni mwezi gani wingu huwa linachelewa kushuka, na Twiga amemjibu kwamba ni ule wa mwanzo wa kiangazi.

Mama Soli, uongozi utakupa cheti na wenzako watakupa vitenge, na vyote hivyo unastahili. Asante kwa miaka yote uliyosimama ukitazama njia mpaka wetu warudi. Tutapungukiwa. Mwanzo wa kiangazi utakuja kwenye kaunta kama mgeni, na Twiga ameahidi hatapokea mtu mwingine siku hiyo. Magoti yakuvumilie mpaka ukingoni. Ukikaa kwenye jiwe la mzee, tunakutakia mchana mweupe usio na wingu, na saa nane ichelewe kufika. Ukirudi, sisi ndio tutakuuliza rangi.