Mbegu ya Miezi Minane

Benchi lilikuwa ubao wa reli juu ya madebe mawili, nyuma ya stesheni ya Nakuru, na kila aliyelikalia alikuwa na kwao kunakolimwa vizuri kuliko kwa wenzake. Miaka yote Ndung'u alipoleta mahindi ya mzungu wa Kabazi kwa gari la ng'ombe, hapo ndipo alipopumzika na kahawa. Walimbandika jina Miezi Minane, kwa kuwa mahindi yake yalikaa shambani muda huo. Lakini mwaka huo wa hamsini na tatu serikali ilikuwa ikiwarudisha Wakikuyu risavu, maeneo waliyotengewa, na kesho yake angepakiwa kwenye gari la moshi kwenda Murang'a, alikotoka baba yake, mahali ambapo yeye hajawahi kukanyaga. Askari wa kambi walimokusanywa alimruhusu akae pale anapoweza kumwona. Alipakata kifuko cha mbegu ya Kabazi.

— Huko mvua inakuja mara mbili, fupi fupi, alisema. Hii yangu itashikwa na jua kabla ya kubeba. Nifanye namna gani?

— Mnaharibu wenyewe, alisema Owino, msafisha injini, ambaye walimwita Mvuke. Mnapanda kwa mstari! Mahindi ikiona mstari inadhani ni foleni, inangoja zamu. Kwetu Siaya mtama tunamwaga kwa mkono. Inakimbizana yenyewe.

— Wacha uongo! alidakia Masinde, waliyemwita Daktari kwa kutibu kila zao kwa mdomo. Kwetu Bungoma mahindi inalala na maharagwe shimo moja. Maharagwe iko na haraka. Itaamsha mwenzake.

— Maharagwe ngapi? aliuliza Ndung'u.

— Mbili. Ukitaka mbio, nne.

— Nne zitapigana! Owino alisema. Lete mbegu nilaze juu ya injini, ishike joto. Ikiingia mchangani itadhani imeshakaa miezi mitano.

— Ujinga, alisema Masinde. Beba udongo ya Kabazi, bwana. Kopo moja kila shimo. Mbegu haitajua imehamishwa.

Siku nyingine Ndung'u angecheka mpaka kahawa imwagike. Sasa aliwaza huo udongo ataubeba kwa kitu gani, na akaona uchungu kwamba amefika mahali pa kuamini maneno haya.

Jelagat, mama wa maziwa aliyekuwa mgeni mtaani, alikuwa ametua mzigo wake kando apumzike.

— Mzee, alisema, hiyo shamba ya huko ni ya nani?

Owino alichungulia kikombe chake. Masinde alikohoa.

— Si ni ya kwao, alisema Masinde.

— Kwao nani?

Ndung'u alikunja mdomo wa kifuko.

— Baba alitoka huko kwa sababu alikosa shamba, alisema.

Alimwekea Masinde kifuko mkononi.

— Basi panda wewe, Daktari.

Masinde alizitazama nyumba za reli walimokaa yeye na Owino, mlango kwa mlango, na kokoto zilizoenea mpaka ukutani.

— Wapi?