Fisi Mwenye Cherehani

Ndani ya basi, fundi cherehani aliyeketi mbele yangu alikuwa akimlalamikia mwalimu wa chekechea aliyekaa naye. "Huyo mwandishi wa riwaya aliyetuzwa juzi ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimemsomesha kwa cherehani, naye akanifanya fisi kwenye kitabu cha watoto. Hata hili kovu la kidole kalitia. Mwaka wa tatu hatusemezani."

"Yule fisi anayewashonea wanyama wote?" mwalimu akauliza. "Mama, darasani kwangu wanagombania kuwa yeye. Ukurasa wake umechakaa mpaka nimeubandika kwa gundi."

Fundi akakisugua kidole. "Mwishoni wanamfanyaje?"

Kumbe miaka mitatu amekinunia kitabu alichosimuliwa tu na watu, hajakifungua mwenyewe.

Basi likasimama. "Mama fundi, kwako hapa," utingo akamwambia, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuinuka, alikuwa bado anangoja jibu.